Baba, huyu mutu anatuuzia rahisi juu ya nini?

Baba yangu,

Asalam aleikum, vile tunakusalimiaga tukipita kwenye makaburi. Ni mi, Saidi. Mama ako muzima, alhamdulillahi. Mulango ya bluu ya atelye yako ya kutengeneza radio ingali palepale, mais ndani kumegeuka, nitakueleza.

Ninakuandikia juu kuna neno ninaombwa niseme, na we unajua ginsi kusema inanisumbuaga. Kuna mutu anataka kumuoa mama. Jina yake Ramazani, Mukongomani wa Uvira, muislamu kama sisi, muke yake alifariki. Amepitia kwa mjomba Hamisi vile inapaswa, juu mjomba ni ndugu ya mama na yeye njo mwenye kutoa ruhusa. Mais mjomba amekataa kumujibu. Anasema, "Mi nitafungisha ndoa, lakini mulango ya ile nyumba ni ya Saidi. Saidi akisema apana, mi sina neno." Ananingoja Ijumaa kiisha swala. Donc jambo yote iko kwenye mudomo yangu, mi mwenye hata kumuuliza mutu kama anataka sukari kwenye chai ninaona haya.

Na huyu Ramazani, baba, hakuanzia kwenye mama. Alianzia kwenye kompyuta. Njo maana sikumuamini.

Unakumbuka ile radio ya rangi ya fedha? Mi nilikuwa nimetoka shule, ninakaa chini ya meza yako, ninaokota visi, zile skrubu ndogo, zikianguka. Mutu moja aliteremuka kwenye basi ya kutoka Dar na mufuko, akakuonyesha. Ilikuwa inang'aa kama sahani ya sikukuu. Uliipima na mukono, ukaniambia, "Sikia uzito." Ukalipa palepale, we mwenye ulikuwa unabishana hata na muke wa kuuza vitunguu. Tukaipeleka nyumbani, mama akaishika, akaisifu. Kiisha ukarudi nayo kwenye atelye, ukafungua visi zake, na ndani tukaona kipande ya chuma imebandikwa na gundi. Kando ya chuma, kadude kadogo ka kuimba, kenye hakafiki hata kidole.

Ulicheka bila sauti, mabega tu. Kiisha ukainama ukaniangalia pale chini ya meza.

"Saidi. Mama yako asijue."

Ukatoa moyo ya radio ingine ya zamani, ukailehemu ndani, na chuma ukaiacha, juu mama alikuwa amekwisha kusikia ule uzito. Siku ile alizunguka nayo mupaka kwa majirani. "Shikeni, muone uzito. Bwana yangu anajua kuchagua." We ulikuwa umesimama kwenye mulango unakohoa.

Toka pale njo ulianza ile sheria yako. "Kitu ikiwa rahisi, usiulize bei. Uliza jana ilikuwa wapi." Na radio yoyote iliyoingia, ulikuwa unaiwasha kiisha alasiri, unaifunika na lile koti lako zito la mvua, mupaka magaribi, na mi unaniweka kando nisikilize. "Kitu muongo ikipata joto inasema." Mi nilikuwa ninasikiliza mupaka masikio inauma. Zingine zilikuwa zinaanza kukwaruza, zingine zinanuka kwanza, kiisha zinanyamaza. Wengine walisoma vitabu, mi nilisoma lile koti.

Sasa sikia ya leo.

Kiisha we kuondoka, mama alileta sufuria kwenye atelye. Meza yako ya kulehemu njo anasukumia chapati. Watu wanakuja kunywa chai, kula maharagwe na ndagala, na kuangalia mpira. Nilitafuta ekra tatu za kuonyesha picha, za zamani, zenye ofisi moja ilikuwa inatoa. Mbili ziko mbele, ya tatu iko nyuma kwa wamama, wenye hawapendi mpira, wanataka filamu zao. Mais kompyuta yangu ilikuwa na mulango moja tu ya kutoa picha. Kukiwa mechi mbili wakati moja, ni vita. Nusu ya watu wanasimama na vikombe, wanavuka barabara, wanaenda kuangalia kwa yule wa ngambo. Na vikombe hazirudi zote.

Kitu iliyokosekana ni carte graphique. Hii ni kipande unaingiza ndani ya kompyuta, inaipa milango mingi, kila ekra inapata picha yake. Nilizunguka muji yote. Kwenye butiki kubwa wananionyesha zile za vijana wa michezo, zenye vantilateri mbili za kupoza na taa za rangi. Bei yake sitakutajia, utaamuka. Na hata nikiipata, haingii kwenye kisanduku yangu, na inakula courant, ule umeme, kuliko vile kompyuta yangu inaweza kuipa. Sokoni ni rahisi, mais kule ziko zile za uongo. Mutu anaingia ndani yake anabadilisha jina. Kompyuta ikiiuliza we nani, inajibu na jina ya ndugu yake mukubwa. Unaingiza ekra ya pili, yote inazimika. Zilinipata mara mbili. Sikugombana, unajua siwezi. Niliziweka tu kwenye meza ya muuzaji, nikasimama pale mupaka akachoka kuniona, akanirudishia.

Njo siku moja huyu Ramazani akaingia na katoni ya biskuti kwapani. Anakaa mutaa ya Kanyosha, anauza vipande ya kompyuta za zamani. Akaagiza chai, akaangalia kompyuta yangu iliyofunguliwa tumbo.

"Kijana, we unacheza michezo?"

"Apana."

"Unachora majumba?"

"Apana."

"Donc unaonyesha tu. Mutu wa kuonyesha hatafuti nguvu, anatafuta midomo mingi." Akatoa kwenye katoni karte ndogo, fupi, nyembamba, bila taa, bila kelele. "Hii ilikuwa kwenye ofisi. Inakula kidogo. Ekra zako zote tatu itazibeba."

Akataja bei. Baba, ilikuwa chini ya ile ya sokoni. Chini hata ya zile za uongo.

Nikamuuliza, "Jana ilikuwa wapi?"

"Jana?" Akacheka. "Jana ilikuwa kwangu, chini ya kitanda."

Hiyo haikuwa jibu. Nilitaka kumurudishia, mais mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mikono ya unga. "Lipa, Saidi," akasema. Na mama hajawahi kuniambia nilipe kitu. Kila mara ni "ngoja", ni "tutaona". Nikalipa, na ile neno nikaiweka kichwani.

Niliitia chini ya koti. Unajua lile koti bado liko? Niliwasha kompyuta kiisha alasiri, nikaifunika, nikakaa kando kama zamani. Nilitazama jina yake, haikudanganya. Nilinusa. Niliigusa mugongo, ilikuwa ya joto vile mutu wa kazi anakuwaga na joto. Magaribi ikaadhiniwa na haijakohoa hata kidogo. Nikaenda kuswali na wasiwasi kuliko vile ingeungua. Kitu ikiwa na shida, unajua shida iko wapi. Hii ilikuwa rahisi na haikuwa na shida. Donc shida ilikuwa kwa mutu.

Nikaanza kumuangalia yeye. Alikuwa anakuja kila siku. Anakaa kwenye kona, kiti ileile, na mpira iko mugongoni yake. Kabura, yule dereva wa taksi mwenye mudomo, njo alisema kwa sauti.

"Muzee, mpira iko huku. Huko unaangalia ni jiko."

"Ninasikia matokeo," Ramazani akamujibu.

"Ah, we unaangaliaga na shingo. Sha Saidi, ndugu yangu, mulinde huyu, ataondoka na sufuria."

Watu walicheka. Mama jikoni hakucheka, na mama anachekaga kila kitu ya Kabura, hata zile mubaya. Nayo nikaiweka kichwani.

Na kuna kitu ingine. Pamoja na karte, Ramazani alikuwa amenipa kable tatu, na moja ilikuwa na kichwa nene, kama kidonge ya ng'ombe. Sikuiomba. Kitu ya kuongezwa bure, mi ninaikimbia kuliko ya kuuzwa. Niliitupa kwenye takataka, nikanunua ya kawaida kwa mutu mwenye ninajua duka yake.

Ikafika siku ya mechi mbili. Watu wamejaa mupaka kwenye mulango ya bluu. Niliwasha. Ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakubali. Ya tatu, ya wamama, ikabaki nyeusi.

Wamama wakaanza kuguna. Kabura akageuza kichwa. "Saidi, hii umetuwekea kioo? Ninajiona vizuri, hata ndevu ninaweza kunyoa."

Nilichomoa, nikachomeka, nyeusi. Mbele ya watu wote jasho ilinitoka, mais kwenye roho, baba, nilipoa. Nilikuwa nimeona uongo yake. Nikaingia jikoni na turnevisi, ile ya kufungulia visi, kwenye mukono.

"Mama, huyu mutu ni mwizi."

Mama alikuwa anasukuma chapati. Hakugeuka. "Ya tatu umeiwekea kable gani?"

"Ya kawaida."

"Mbili zinakubali ya kawaida. Ya tatu inataka ile yenye kichwa nene, iko na akili yake ndani. Ukiikosa, karte inabeba mbili, ingine inaiacha."

Nikashusha turnevisi. Baba, mama hajagusa kompyuta hata siku moja. Simu yake, mi njo ninamuwekea unités za kupigia. Na hapa ananiambia mambo ya ndani ya karte kama anasema kiasi ya chumvi.

"Nani amekuambia hiyo?"

"Geuza ile chapati, inaungua."

"Mama. Nani?"

Akajipangusa mikono. Akafungua kopo ya sukari yenye haina sukari, akatoa kitu imefungwa kwenye kipande ya kitenge. Ilikuwa ile kable. "Uliitupa," akasema. "Nenda, watu wanangoja."

Nilienda, nikachomeka. Ya tatu ikawaka, na wamama wakapiga vigelegele kama kuna bibi arusi. Kabura akasema amepoteza kioo yake. Ekra zote tatu zilikuwa zinaangaza, kila moja na picha yake, vile nilitafuta muji muzima. Mi sikuona mpira. Nilikuwa ninaangalia kona, na kwenye kona Ramazani alikuwa anaangalia chini, kwenye kikombe yake, kama mutu mwenye anaombea kitu isisemwe.

Asubuhi yake nilikaa mbele ya mama mupaka akaelewa sitatoka.

"Kabla ya kukuletea ile karte, alitaka kutupa bure," akasema. "Nilimukataza. Nilimuambia, ukimupa Saidi bure ataitupa kwenye mutaro. Na bei ya muji hatuna. Tafuta ya katikati." Akavuta kitambaa yake. "Hajui katikati iko wapi, yule mutu." Na akacheka, baba. Ile kucheka yake ya kuziba mudomo na kitambaa. Sikuisikia toka we kulala.

Kiisha akasema, "Amezungumuza na mjomba yako. Mi sijasema kitu. Ninakungoja."

Nifanye nini? Nilifanya vile ulinifundisha. Nikamutia chini ya koti.

Sikumusalimia kwa siku nyingi. Anaingia, "Salam aleikum, kijana," mi ninajibu na kichwa. Ninamuletea chai ya mwisho, ya chini ya birika, yenye majani. Anakunywa. Ninamuweka kwenye kiti ya kando ya jiko, pale moshi inapita. Anakaa, anapangusa macho. Siku moja nilimuachia kiti yako, ile ndogo ya mbao ya kulehemulia, yenye hakuna mutu anakalia. Nilisema, "Kaa hapa." Aliiangalia. "Apana, kijana. Hii iko na mwenyewe." Akabaki amesimama na kikombe yake.

Ningefurahi. Mais kumbuka zile karte za sokoni, zenye mutu anaziingia ndani anazifundisha jina. Ukiziuliza zinajibu vizuri, juu zimeambiwa jibu. Kama mama alimuambia mambo ya kiti? Kama alimuambia "mutoto yangu iko hivi, fanya hivi"? Mama alimuambia bei, alishika kable yake, atashindwa kumuambia kiti? Jaribu yangu yote ilikuwa imeoza. Ilibaki nimuulize kitu yenye mama hajui. Na kwenye nyumba hii, kitu yenye mama hajui iko moja tu, baba, na unaijua.

Ile radio ya fedha iko kwenye rafu ya jikoni, mama ameifunika na kile kitambaa alishona mwenyewe. Ilikuwa imenyamaza toka mvua zianze. Nilijua ni waya moja, ningeishika mi mwenyewe kabla ya chai kupoa. Sikuigusa. Niliitoa, nikaiweka mbele ya Ramazani.

"Muzee, haisemi tena. Niangalilie."

Aliishika, na mukono yake ikashuka kidogo na ule uzito. Niliona. Aliweka sikio, akaitikisa polepole. Kiisha akaomba turnevisi, akafungua visi moja moja, akaziweka kwenye sahani ya chapati zisipotee. Akafungua mugongo.

Chuma ilikuwa palepale. Gundi imekuwa ya njano. Na kando yake ile moyo ya radio ya zamani, na risasi yako ya kulehemu, yale matone yako makubwa yenye ulikuwa unasema ni mabaya mais hayatoki.

Ramazani aliangalia chuma. Akaangalia ile kulehemu. Akaangalia chuma tena, muda. Mutu wa kazi yake, alielewa yote: nani alidanganywa, na nani aliponyesha. Kiisha akainua macho, akaniangalia, na mi kwa mara ya kwanza sikugeuza yangu. Nilitaka nione itatoka neno gani. Ningekuwa mi ninataka muke ya mutu, na ninaona ujinga yake imelala wazi mbele yangu hivi, ningefanya nini?

Mama akatoka jikoni na birika.

"Eh, ile ya marehemu. Imekufa?"

"Apana, Mama Saidi. Waya moja imeachia." Na nilipoangalia, mukono yake ilikuwa imekwisha kuwekwa juu, kiganja kizima, imefunika chuma.

"Umeona ginsi iko muzito?" mama akasema. "Bwana yangu alijua kuchagua."

Ramazani aliingiza waya na ncha ya turnevisi bila kutoa ule mukono mwingine. Akarudisha mugongo. Akafunga visi, moja, ingine, mupaka ya mwisho.

"Ndiyo," akasema. "Alijua."

Akaiwasha. Ikaimba.

Baba, huyu mutu amemudanganya mama mbele yangu. Nimelala nayo, nimeamuka nayo. Na ni uongo ileile yenye we uliniomba nikiwa chini ya meza, na yeye hakuna mutu alimuomba.

Nilitaka kumaliza barua hapa, mais wewe sikufichi. Kuna kitu ingine niliona, na ningependa nisingeiona. Mama aliposema alijua kuchagua, hakuwa anaangalia radio. Hakuwa anamuangalia Ramazani. Alikuwa ananiangalia mi, na birika kwenye mukono, na kwenye kona ya mudomo kulikuwa kitu. Toka hapo ninajiuliza. Miaka hii yote anaipangusa vumbi, anaishika, anaishusha, anaipandisha. Hajawahi hata siku moja kuitikisa? Na kama alijua, alijua toka lini? Kama alijua wakati anazunguka nayo kwa majirani, na we umesimama kwenye mulango unakohoa?

Ningeweza kumuuliza. Ningeweza kumuuliza na Ramazani pia, kama aliambiwa na mama mambo ya chuma, ningemukalia mbele mupaka aseme. Unajua ninaweza. Mais nimeirudisha radio kwenye rafu, nimeifunika na kitambaa yake, na ile sitaifungua.

Ijumaa nitamuambia mjomba yego, ndiyo, amuoe. Nimejaribu kuisema peke yangu, inatoka. Kiti yako haitoki pale iko, hiyo Ramazani ameisema kabla yangu. Yeye atanunua yake. Na nitaendelea kumuangalia, baba, usifikiri nimelala. Akija asubuhi nitamupa chai ya juu ya birika, mais macho yangu itakuwa palepale.

Lala kwa amani. Mwenyezi Mungu akupanulie pale ulipo. Hapa kwetu ekra zote tatu zinawaka, ya wamama inawaka kuliko zingine.

Ni mi mutoto yako wa peke yake, yule wa chini ya meza,
Saidi